Mwashi aliyechonga mawe ya Bunge

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mafundi walioingia siasa ilimwita Tom Price, waziri mkuu wa jimbo la Australia Kusini tangu 1905 hadi alipofariki 1909, mtu wa bahati. Hapo sikubaliani nanyi. Ni kweli alichonga mawe ya jengo la Bunge mjini Adelaide, kisha akaingia humo kama mbunge mwaka 1893 (habari tamu kwa gazeti lolote!). Lakini kabla ya ubunge alikuwa katibu wa chama cha waashi, na uongozi ulianzia huko.

Naomba mnapoandika maisha ya fundi aliyepata ubunge, mtueleze pia alishika wadhifa gani katika chama chake cha wafanyakazi.

Msomaji wenu