Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha bustani, Rochester, New York

Ndugu wanachama, dada zangu na kaka zangu, poleni na theluji. Naanza na hela manake najua ndo mnaulizaga kwanza: wengi mmelipa ada, asanteni sana, mahesabu yote mhazini atawasomea siku ya mkutano mi sitarudia hapa. Ninachotaka kuongea kwa urefu ni zile lailaki, vile vichaka vya nchi za baridi vyenye maua ya kunukia, sababu ndo zilizokula muda wetu kuliko kitu kingine chochote mwaka huu.

Mnakumbuka mwezi wa tano tulivyoenda Highland Park, ile bustani kubwa ya mji wetu, na watoto. Ile bustani ya lailaki aliianza John Dunbar, mtaalamu wa bustani, mwaka 1892 na aina 20 tu, leo kuna aina zaidi ya 500 na vichaka zaidi ya 1,200, unatembea mpaka miguu inauma. Mama mmoja mwenzetu wa Mombasa alivuta tawi puani akasema jamani si asumini hii? Na hakuwa mbali, lailaki na asumini ni ukoo mmoja, mzeituni pia yumo humohumo.

Sasa tuliporudi kila mtu akataka ya kwake, na wengi tukakimbilia kuipanda pembeni ya mlango wa mbele. Hapo ndo nataka tuelewane. Lailaki ya kawaida inachanua wiki mbili hivi basi, siku zote zilizobaki ni majani matupu, ikifika Agosti majani yenyewe yanashika ukungu mweupe kama yamemwagiwa unga, vuli nayo haina rangi ya maana, halafu inapanda mpaka mita 4 au 5 inakuzibia dirisha. Kwahiyo ipande nyuma, mwisho wa uwanja, penye jua si chini ya masaa sita, ikuzibie na jirani, na kama unajua upepo wako unatokea wapi iweke upande huohuo ili jioni harufu iingie ndani. Mbele yake panda maua mafupi ya kiangazi, yale yatakayopokea zamu lailaki ikishanyamaza.

Ndivyo tulivyofanya kwenye uwanja wa ukumbi. Nyuma kando ya uzio tumeweka lailaki za aina mbili: President Lincoln, ile ya kibluu aliyoizalisha Dunbar mwenyewe hapahapa mjini, na Sensation, ambayo kila kijiua cha zambarau kina mstari mweupe ukingoni, mwembamba, utadhani leso imepindwa kwa mkono. Tumeachanisha mita mbili na nusu, najua wengine mlilalamika mapengo makubwa lakini hewa isipopita ndo ule ukungu unazidi. Kona ya mbele iko lailaki inayoitwa Miss Kim, asili yake Korea, mfupi, inachanua zile kubwa zikiwa zinaisha na vuli majani yanageuka mekundu ya kuiva. Mwisho iko lailaki ya Kijapani, hiyo ni mti kabisa, maua meupe mwezi wa sita. Zikikua, badala ya wiki mbili tutapata zaidi ya mwezi.

Kuna jambo lazima niwaombe radhi. Kile kichaka kikongwe cha pale getini nilikipogoa mimi Oktoba ya mwaka juzi, nikakifanya duara safi, na Mei iliyofuata hakikutoa ua hata moja. Matumba ya mwaka ujao yanajitengeneza kiangazi, kwahiyo niliyakata yote bila kujua, na wazee waliozoea kuweka viti pale wakakaa bila harufu. Iliniuma sana. Tangu sasa tunapogoa maua yakishaisha tu, ndani ya Juni, na kile kikongwe tutatoa theluthi ya matawi manene kila mwaka kwa miaka mitatu mpaka kirudi ujana.

Wale mnaoniuliza kuhusu kupeleka mche nyumbani, Bujumbura au Mombasa, kwakweli hautachanua, lailaki inataka baridi ndefu ya miezi, na hiyo tunayo huku tu.

Machipukizi yaliyotoka mizizini kwa kile kikongwe tutayachimba Aprili kabla majani hayajafunguka. Yako matano. Anayetaka aniandikie mapema, aje na ndoo na gunia la kufunikia mizizi, na ajue itamchukua miaka kadhaa kabla hajaona ua.