Taa ya mfuko wa hewa haitengenezwi kwa kung'oa balbu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari ya spoti ya zamani, hasa Subaru Impreza na Mazda RX-8 za miaka ya 2000, kuhusu taa ya mfuko wa hewa (airbag), yaani ule unaojaa ghafla kumkinga mtu wakati wa ajali, iliyo kwenye dashibodi. Mimi ni fundi umeme wa magari, na linalonisikitisha ni kukuta taa hiyo imezimwa badala ya kasoro kutengenezwa. Wapo wanaong'oa balbu, na wapo wanaounganisha waya wake na taa ya chaji ili ziwake na kuzimika pamoja, kisha gari linauzwa kwa mtu anayeamini kuwa mifuko ni mizima.

Unapofungua swichi, taa hiyo inapaswa kuwaka kwa sekunde chache wakati kompyuta ya mifuko inajikagua, halafu izimike. Ikibaki inawaka, kompyuta imeona kasoro, na huenda siku ya ajali mifuko isifunguke. Isipowaka kabisa, mnunuzi na awe na shaka kubwa zaidi.

Mara nyingi mfuko wenyewe hauna tatizo. Chini ya siti za mbele zipo soketi, kwa kawaida za rangi ya manjano, za mifuko ya pembeni na za kifaa kinachokaza mkanda wakati wa ajali. Siti ikisogezwa mbele na nyuma kwa miaka mingi, au maji yakiingia wakati wa kuosha gari, soketi hizo hulegea na kushika kutu. Nyuma ya usukani nako kuna utepe wa waya uliozungushwa, ambao hukatika kwa uchakavu, na honi ikianza kulia kwa kubahatisha wakati taa nayo inawaka, hapo ndipo pa kuanzia. Kwenye magari ya spoti kuna chanzo cha tatu, nacho huletwa na wenye magari: kuondoa usukani wa kiwandani na kufunga mdogo wa mashindano, au kubadilisha siti. Mfuko umetolewa, na taa inasema kweli. Kuna mafundi wanaoweka rezista, kifaa kidogo kinachozuia mkondo wa umeme, mahali pake ili kompyuta idhani mfuko upo. Rezista hiyo ina kazi halali gereji, fundi anapotaka kujua kama kasoro iko kwenye waya au kwenye mfuko, lakini kuiacha ndani ya gari na kumkabidhi mteja ni udanganyifu unaoweza kuua.

Kazi ianze kwa kusoma namba za kasoro (code) kwa mashine inayofika kwenye kompyuta ya mifuko, kwa kuwa mashine nyingi za bei nafuu husoma injini tu. Kabla ya kugusa soketi yoyote, swichi ifungwe, waya wa hasi wa betri utolewe, na fundi asubiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa sababu kompyuta hiyo huhifadhi umeme wa akiba wa kufyatua mfuko hata betri ikiwa imetolewa. Mimi husubiri dakika 10, hata mteja akinihimiza. Mita ya kupimia umeme isiwekwe kamwe kwenye mfuko wenyewe, kwa kuwa hata mkondo mdogo wa mita unaweza kuufyatua usoni mwa anayepima.

Liko jambo ambalo taa haiwezi kulionyesha. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo ilifungwa katika magari ya makampuni mengi, zikiwemo baadhi ya Impreza na RX-8, iliitwa irudishwe kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikifyatuka inaweza kupasua chuma na kurusha vipande kwa dereva na abiria. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na taa inayowaka na kuzimika sawasawa. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako joto na unyevu havipumziki, naomba kila mwenye gari la umri huo apeleke namba ya chesisi kwa wakala wa mtengenezaji au aiingize kwenye tovuti yake, ajue kama mfuko wake ulishabadilishwa huko lilikotoka, na kama bado, abiria asikae mbele mpaka ubadilishwe.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam