Mwanangu, piga redio kabla hujapita

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Video uliyotuma mamako ameionyesha mtaa mzima wa Majengo. Mimi niliitazama mara moja nikaizima. Jeti ya kivita inapita kushoto kwa kindege unachorusha, nawe unacheka, "Baba, tazama!" Nimetazama, na usingizi sijaupata tangu hapo.

Umenieleza kuwa sheria ya Marekani inakuruhusu kupita maeneo mengi ya mazoezi ya jeshi bila kuomba ruhusa. Sibishani. Lakini kuruhusiwa kupita si sawa na wenzako kujua kama upo. Piga redio, waongoza ndege wajue uliko.

Mwaka 2015, kule South Carolina, jeti ya kivita, F-16, iligongana na Cessna 150, ndege ndogo kama hiyo yako. Waliokuwa kwenye Cessna, wawili, walikufa. Rubani wa jeti alijirusha kwa parachuti akapona. Wale marehemu walikuwa ndio kwanza wamepaa na hawakuwa wamezungumza na waongoza ndege, wala sheria haikuwalazimisha. Wachunguzi walimlaumu mwongoza ndege kwa jinsi alivyoielekeza ile jeti, lakini waliandika pia kuwa kutegemea macho kuna mipaka yake. Isome ripoti yenyewe, usingoje kusimuliwa.

Miaka yangu ya feri pale Likoni, meli ikiingia Kilindini tulisimama, hata abiria watupigie kelele namna gani. Na meli unaiona tangu mbali. Jeti inayokujia kukugonga ni doa kwenye kioo, na doa lile halisogei kushoto wala kulia, linakua tu. Ukija kujua ni ndege, imeshafika.

Kwa hiyo, safari ya Jumamosi ukipita upande wa Luke, kambi ya jeshi wanakofundishwa marubani wa jeti za F-35, waombe waongoza ndege wakufuatilie kwa rada. Uliza kabla ya kupaa ni maeneo gani yana mazoezi saa hiyo. Ile mistari ya VR na IR kwenye ramani, njia za mazoezi za ndege za jeshi, usiidharau kwa wembamba wake. Njia yenyewe ina upana wa maili kadhaa, na zenye namba ya tarakimu 4 ziko futi 1,500 juu ya ardhi kwenda chini, huko huko unakopenda kuruka upige picha. Ukiona jeti moja, tafuta ya pili, kwani aghalabu huenda mbili mbili. Na simu iweke mfukoni. Usipige video, piga redio.

Mwalimu wako akikukanya, usimjibu. Nakujua. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kurusha ndege, na msikitini kila mtu ananiuliza habari zako. Najibu mpaka nachoka kwa furaha.

Kiwanja cha Kisauni usikitaje tena kwa mamako. Pesa zilikwenda kwenye karo yako, basi. Kwamba habari za kuuzwa alizisikia kwa dalali kabla sijamwambia, hilo tutalimaliza wenyewe.

Tangi la maji limepasuka chini, tunakinga kwa ndoo. Fundi anataka pesa zote kwanza, nami sitoi. Nyanyako anauliza kama huko kuna samaki. Mpigie, usimtumie ujumbe, haoni kusoma.

Jumamosi kabla hujapaa tupigie. Kwenu itakuwa asubuhi, huku magharibi. Unitajie namba za redio utakazotumia, nimeacha nafasi ya kuziandika kwenye kalenda ya jikoni.

Babako