Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Pointi Moja ya Mkomani

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Mambo ya kawaida nayapita mbio. Ada zimelipwa, isipokuwa na wachache wanaojijua. Hesabu atazisoma mtunza hazina. Muda wangu nautumia kwa ile ofisi ya mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, tuliyokuwa tukiitengeneza, maana ndiyo iliyotutoa jasho na ndiyo iliyotugombanisha.

Mwenye nyumba alitaka cheti cha LEED, kile cha majengo ya kijani cha Marekani. Pointi zote ni 110, ukifikisha 40 unapewa cheti, na utulivu wa sauti una pointi moja tu. Wengine mliuliza kwa nini tujisumbue. Mimi niliwatuliza kwa maneno ambayo leo nayameza: ukuta wa matumbawe una unene wa nusu mita, kelele gani itapita?

Ukutani kweli haikupita. LEED inataka kinga ya STC 45 (STC ni kipimo cha jinsi ukuta unavyozuia sauti) baina ya ofisi na ofisi, na ukuta ule hatukuugusa. Sauti ilipita mlangoni. Chini ya ubao palikuwa na mwanya wa kupitisha kandambili, na simu ya mhasibu tuliisikia tukiwa ukumbini, neno kwa neno, hadi jina la anayemdai.

Aibu yenyewe ilikuwa chumba cha mikutano. Mhandisi alipasua puto katikati, sote kimya. Mlio ukazunguka, ukapanda kwenye boriti, ukarudi. Kipimo cha muda wa mwangwi kufifia kikaonyesha sekunde 1.7, na chumba cha mikutano kinatakiwa kiwe chini ya 0.6. Hapo nikafahamu kuwa tulikuwa tukichanganya mambo mawili: kuizuia sauti isitoke, na kuimeza iliyomo ndani. Chokaa yetu ngumu ya kung'aa haimezi kitu. Bibi zetu walikuwa na mikeka, magodoro na mapazia. Ofisi ile ina vigae na meza ya kioo.

Mbao laini za kumeza sauti tulizoagiza zilifika zimelowa maji ya chumvi, na muuzaji hadi leo hapokei simu. Mwanachama wetu wa Matondoni ndiye aliyesema tutumie usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Nyuzi zake zina nafasi nyingi za hewa, sauti ikiingia inasuguana nazo mpaka inachoka. Tukautia dawa ya kuzuia moto, tukaufunga ndani ya fremu, tukaufunika mkeka wa ukili. Mita za mraba 18 kwa jumla. Ukuta hatukuutoboa, maana mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na hata kidaka kimoja cha ukutani kina wenyewe. Fremu tulizining'iniza kwenye boriti kwa kamba, zikiacha upana wa kiganja kutoka darini.

Puto la pili: sekunde 0.55. Kuna aliyepiga kelele kwa furaha, naye akaharibu kipimo, tukapasua la tatu.

Kiyoyozi kilichokuwa kikinguruma kimehamishiwa juu ya dari na kuwekwa mipira chini. Makaratasi ya cheti yamepelekwa, jibu halijaja.

Fedha za mpira wa kuziba mianya ya milango hazikuwemo kwenye makadirio. Nilizitoa kwenye akiba ya chama bila kuitisha kikao. Hilo ni kosa langu, naomba radhi, na risiti ziko mezani kwa katibu.

Usumba uliobaki, magunia manne, uko bohari. Anayeuhitaji auchukue kabla ya Maulidi, maana wageni watalala humo.

Mwenyekiti