Kabla ya kusema jamaa anablafu, umemwona mara ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Malaba hapa mpakani, upande wa Uganda. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni makaratasi ya malori na kungoja, na kungoja ndo kwingi. Wiki mbili zilizopita mliandika kuhusu vijana na michezo ya pesa kwenye simu, mwandishi wenu akatia poka, mashine za kuzungusha na kubeti mpira kwenye kapu moja akasema zote ni bahati nasibu. Sikubaliani naye. Lakini pia sikubaliani na wale vijana wa hapa stejini waliosoma hiyo habari wakaanza kupiga kelele kwamba poka ni akili tupu na mwenye kichwa hawezi kuliwa. Poka ina bahati tena nyingi, mtu anaweza kucheza vizuri mwezi mzima na bado akaliwa, ila ndani yake kuna maamuzi, na uamuzi unaweza kuurudia kesho yake ukaupima ulikuwa mzuri au mbaya, hata kama pesa ilienda upande mwingine. Hicho ndo kitu nataka kusema na naomba mnipe nafasi.

Nianze na kilichoniuma. Mwezi wa tatu kijana mmoja hapa, ana miaka 23, ni wakala wa pesa za simu, alicheza floti ya bosi wake kwenye poka ya mtandaoni usiku mmoja ikaisha. Laki sita na nusu. (Sheria yetu ya 2016 inasema mtu chini ya miaka 25 haruhusiwi kabisa kucheza michezo ya pesa, lakini kule alikojiandikisha waliuliza tu umri, akaandika anaotaka, basi.) Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kibanda hajafungua dirisha, nikamuuliza ilikuwaje, akanijibu, kaka, yule jamaa alikuwa anablafu tu, mi namjua. Nikamuuliza umemwona akiblafu, yaani akisukuma dau kubwa bila karata, mara ngapi? Akanyamaza, akafikiria, akasema mara moja.

Mara moja, Mhariri. Na hiyo mara moja yule jamaa mwenyewe ndo alifunua karata zake kwa hiari, baada ya mwenzake kutupa, ili meza nzima ione. Kijana akaishika hiyo picha usiku kucha, kila jamaa akisukuma dau kubwa yeye anakoli (analipa dau hilo abaki mchezoni), na kila akikoli anakutana na karata nzito. Tulifungua historia ya mchezo kwenye simu tukahesabu pamoja, walikuwa wamekaa meza moja mikono 74 (yaani karata zimegawiwa mara 74), jamaa amesukuma dau kubwa kwenye karata ya tano, ile ya mwisho kufunuliwa mezani, mara 6, na mara 5 kati ya hizo alikuwa nazo kweli. Ile ya sita ndo ile aliyoonyesha.

Simlaumu sana maana na mimi nilikuwa hivyohivyo. Poka nilifundishwa 2020 kwenye ile foleni ya malori ya wakati wa korona, madereva wamekaa barabarani siku nyingi wakingoja majibu ya vipimo, dereva mmoja wa Mombasa ndo alinionyesha, tunacheza kwa vifuniko vya soda. Sisi hapa tumekulia kwenye matatu, namaanisha karata sio gari, na kwenye matatu wazee wanakumbuka karata zilizopita, wanajua nani anashikilia esi anaingojea mwisho. Nikadhani macho hayohayo yanatosha mtandaoni. Hayatoshi. Mtandaoni humwoni mtu uso, hujui kama anatetemeka au anakula chapati, unachokiona ni jina, dau, na amechukua sekunde ngapi, na watu wanabadilika kila dakika kumi, kichwa hakiwezi kubeba hayo yote. Kichwa kinabeba yale yaliyouma.

Nieleze mkono mmoja wangu, uko ukurasa wa kwanza wa kaunta buku yangu. Meza ya watu 6, blaindi (dau la lazima wanaloanza nalo wachezaji wawili) ni senti 5 na senti 10 za dola. Niko nafasi ya mwisho, nina esi ya uru na kingi ya pau, naongeza dau hadi senti 30, blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa anakoli, mezani kuna senti 65. Flopu, yaani karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani, ni kingi ya shupaza, 9 ya kopa, 4 ya kopa. Anacheki (anapita bila kuweka dau), naweka 40, anakoli. Karata ya nne ni 2 ya pau, anacheki, naweka dola 1, anakoli, sasa mezani kuna dola 3.45. Karata ya tano ni 9 ya pau. Na huyu mtu ambaye mkono mzima amekaa kimya anaamka mwenyewe anaweka dola 3.

Nikakoli haraka, hata sikufikiri. Alikuwa na 10 na 9 za shupaza, kwa hiyo 9 tatu. Dola 4.70 zangu zimeenda, kama shilingi elfu 17 hivi, na nililala nikisema 9 ya mwisho imeniua. Wote tunasema hivyo, karata ya mwisho imeniua.

Kesho yake malori yamekwama, nikachukua kaunta buku nikauandika mkono wote, na kuuandika ndo kulinifungua macho. Swali sio 9 ilitokaje, imeshatoka. Swali ni mbele ya zile dola 3 nilitakiwa nifanye nini. Natoa 3 nikifuata 6.45, jumla inakuwa 9.45, kwa hiyo ili nisipate hasara natakiwa nishinde kama mara 32 katika 100. Halafu mtandao unakata asilimia 5 ya pesa za mezani, hapo ni senti 47, ukishazitoa inapanda mpaka 33 na kitu. Hiyo senti 47 hakuna kijana anayeihesabu, na makato ya namna hiyo yako karibu kwenye kila mkono unaoshinda.

Sasa huyu mtu ni nani? Nilikuwa nimecheza naye mikono 412. Katika kila mikono 100 anaingia 46, lakini mwenyewe kuongeza dau kabla ya flopu ni 6 tu. Mtu wa namna hiyo anapenda kuona karata, hapendi kusukuma, atakukoli na peya ya 9 mpaka mwisho bila wasiwasi. Tuhesabu anaweza kuwa na nini. 9 zimebaki mbili, ya shupaza na ya uru. 10 na 9 iko kwa njia 8, maana 9 mbili mara 10 nne. Jeki na 9 njia 8, kwini na 9 njia 8, 9 na 8 njia 8, na mtu anayeingia mikono 46 kwa 100 anaweza kuwa nazo zote hizo. Upande wa pili kuna kopa zilizokosa, yaani mwenye kopa mbili mkononi aliyekuwa akingoja kopa ya tano na haikuja. Zipo nyingi tu, lakini huyu kopa zikimkosa anacheki anatupa, mikono 412 sijamwona hata siku moja akisukuma hewa mwishoni. Kwa hiyo ile asilimia 33 siipati, wala nusu yake siipati. Ilikuwa ya kutupa, na ingekuwa ya kutupa hata kama siku ile angefunua kopa mbili zilizokosa nikachukua pesa. Hapo vijana wengi wananikatalia, wananiambia si ungeshinda? Ningeshinda ndiyo, na uamuzi ungebaki mbovu.

Lakini badilisha mtu, karata zilezile, dau lilelile. Weka yule mwingine niliyekuwa namkuta Jumapili, anaingia 27 katika 100 na katika hizo 27 anaongeza dau mwenyewe 22, anasukuma kila mahali. Huyu 9 zake ni chache kwa sababu haingii na takataka, anazitaka za aina moja, kama shupaza na shupaza: 10 na 9 njia 2, jeki na 9 njia 2, 9 na 8 njia 2, esi na 9 njia 1 (esi ya uru ninayo mimi), kingi na 9 njia 1. Nane. Ongeza peya ya 4 njia 3, peya ya 2 njia 3, na 9 mbili mkononi njia 1, jumla 15 zinazonipiga. Kingi mbili nimeziacha, angeshanirudishia dau kabla ya flopu. Na kopa zilizokosa ambazo mtu kama huyu anaingia nazo nilihesabu kama 16. Akisukuma na nusu tu ya hizo ni 8, na 8 ndani ya 23 ni karibu asilimia 35. Namkoli. Nakoli na nikikuta amenipiga nalala usingizi mzuri.

Unaona sasa, Mhariri, karata zangu hazikubadilika hata moja. Na ndo maana naumia nikisikia mtu anasema anamjua fulani baada ya mikono 12. Mikono 20 haikuambii kitu, mtu anaweza kupewa karata nzuri mfululizo ukamwita kichaa, au akapewa mbovu ukamwita mwoga. Kujua anaingia mara ngapi, baada ya mikono 100 unaanza kupata picha. Kujua anafanya nini kwenye karata ya tano kunataka mikono mingi sana, maelfu, kwa sababu mikono mingi inaishia njiani haifiki huko. Kama hujui, usijaze pengo kwa hasira. Mimi nikiwa sina rekodi ya mtu kwenye meza hizi ndogo naamini dau kubwa la mwisho ni la kweli, kwa kuwa nilivyowaona, watu wa dau dogo wanapenda kukoli kuliko kublafu.

Zipo programu zinazokuhesabia hayo yote moja kwa moja. Mitandao mingine imezikataza, soma masharti kwanza. Na zile za kukokotoa jibu la mkono, kuzitumia huku mchezo unaendelea ni wizi, sina neno lingine. Mchezo ukiisha, kaa nazo usiku kucha ukitaka. Mi natumia kalamu. Naandika mikono mitatu kila jioni, na lazima mmoja uwe niliocheza vibaya nikashinda, huo ndo wa hatari maana hakuna anayeurudia.

Vijana wananitajia Chris Moneymaker, kwamba 2003 aliingia kwa tiketi ya mtandaoni ya chini ya dola 100 akaenda Las Vegas akawapita watu 838 akachukua dola milioni 2.5. Ni kweli. Lakini waulize wanakumbuka mkono gani, watakwambia ile blafu dhidi ya Sam Farha, alikuwa na kingi na 7, hana hata peya, akasukuma zote, Farha akatupa peya ya 9. Mkono mmoja ulioonyeshwa kwenye televisheni, na zaidi ya miaka 20 baadaye kijana wa Malaba anaamini kila dau kubwa ni blafu. Ni ileile ya yule jamaa aliyefunua karata usiku ule.

Rekodi inafanya na mengine. 2007 kwenye mtandao wa Absolute Poker kulikuwa na akaunti inashinda kwa namna isiyoeleweka, wachezaji wenyewe wakapata historia ya mikono, wakaipitia mmoja mmoja, wakaona huyu mtu anajua lini kutupa na lini kusukuma kana kwamba anaona karata za wenzake. Na kweli alikuwa anaziona, kampuni ikaja kukubali. Haikuwa polisi walioligundua, ni watu waliokaa chini wakasoma mikono.

Daftari langu liliniambia nini? Miezi saba ya kwanza nimeliwa dola 212, nami nilikuwa nasema niko sawasawa. Sehemu kubwa ilitokea mahali pawili, kukoli kwenye blaindi kubwa na karata zisizo na maana kwa sababu nimeshaweka senti 10 naona uchungu kuziacha, na kukoli dau la mwisho la watu wasiosukuma. Nikashuka mpaka meza ya senti 1 na 2, nikaweka kiwango cha mwezi ambacho sipitishi. Leo niko karibu na sifuri, bado chini kidogo. Wengine wawili hapa waliandika miezi miwili wakaona ukweli wakafuta akaunti, na mimi niliwapongeza, daftari limewafanyia kazi.

Yule kijana analipa elfu 30 kila wiki, bosi amemvumilia. Poka ameacha na nimemwambia asirudi kabla hajafika umri wa sheria, ila Jumapili jioni anakuja tunapitia mikono yangu, yeye ndo anahesabu njia, ana haraka kuliko mimi.

Ombi langu, Mhariri. Kila Jumamosi mnatoa ukurasa mzima wa mechi za kubashiri. Tupeni hata robo safu mara moja kwa wiki, mkono mmoja, dau zote zimeandikwa, mpinzani anaingia mara ngapi na anasukuma mara ngapi, na juu kabisa kwa herufi kubwa ile miaka 25. Mnaweza kuanza na huo wa esi na kingi, nimeshaunakili kwenye karatasi. Ila waachieni wasomaji wiki nzima watume majibu yao kwanza, nikoli au nitupe na kwa nini, kabla hamjachapa karata za yule jamaa.

Wakala wa forodha,
Malaba