Matokeo ya kidato cha sita yafuatwe hadi chuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikera kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Hapa Tanga, kama kwingineko nchini, shule huhesabiwa kuwa imewaandaa vijana kwa chuo kikuu pale daraja la kwanza na la pili zinapojaa katika jedwali lake. Jedwali hilo lina mistari mitatu tu, ya wasichana, wavulana na jumla. Halituonyeshi nani alitoka shule ya kata kule Mkinga, nani ana uoni hafifu, wala nani alipanga chumba Makorora ili awe karibu na shule.

Mwaka jana mtoto wa jirani yangu, ambaye baba yake alikuwa mvuvi na sasa ni marehemu, alipata C mbili na D katika tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Kiwango cha chini cha kudahiliwa ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0, naye kwa C zake mbili alikuwa na 6. Hakwenda chuo. Dirisha la mikopo lilifungwa cheti cha kifo cha baba yake kikiwa hakijahakikiwa, kwa kuwa shuleni hakuna aliyemweleza mapema kwamba uhakiki huo unahitajika. Bahasha ya nakala zake ingali juu ya kabati la mama yake, na shule inaendelea kumhesabu miongoni mwa waliofaulu.

Napendekeza shule ipimwe kwa safari nzima: mwanafunzi aliingia kidato cha tano na ufaulu gani, alitoka na upi, aliomba chuo, alidahiliwa, na je, alifika mwaka wa pili. Shule inayopokea daraja la kwanza na kutoa daraja la kwanza haijafanya kazi sawa na ile iliyompokea mwenye daraja la tatu ikamfikisha la pili. Takwimu hizo si za kutafutwa upya, maana namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo mwanafunzi anayoitumia kuomba chuo na kuomba mkopo. Kinachotakiwa ni Baraza la Mitihani, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Bodi ya Mikopo kuziunganisha, kisha kuzichambua kwa jinsia, ulemavu, shule alikotoka mwanafunzi na hali ya kipato nyumbani.

Sidai tuzirudishe orodha za shule kumi bora, ambazo Baraza liliacha kuzitangaza Januari 2023, na nadhani lilifanya vyema. Tena, shule yenye wanafunzi wanne wasioona ijumlishiwe matokeo ya miaka kadhaa, asije mtoto akatambulika. Lakini mkuu wa shule, bodi yake na wazazi wapewe taarifa hiyo kila mwaka kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa, ili walimu wajue ni nani wa kuketi naye mezani na kujaza fomu.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga