Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Webuye

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Nianze na mvua, maana ndiyo iliyotupangia kazi. Mto Nzoia ulipanda hadi kwenye migomba ya chini, na maji yaliposhuka kila mtu akaona. Palipo na mianzi tuliyoipanda, udongo umeshika. Penye mikalatusi, ukingo umemeguka na mizizi inaning'inia. Nilisimama pale na gambuti zangu, matope magotini, na sitaki kuambiwa tena kwamba mti ni mti tu.

Wenye mashamba kando ya maji tuliwaomba waiondoe mikalatusi. Wengi wamekubali. Wawili bado, nami siwalaumu: miti hiyo ndiyo karo ya mwakani. Kamati inapendekeza tuwangoje wavune, kisha tuwape miche ya mianzi bila malipo.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Vijana wetu hawajui mji huu ulijaaje watu. Wazee waliuita Broderick Falls, na reli ilipita hapa zamani, lakini ni kiwanda cha karatasi, tangu miaka ya 1970, kilichowaleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya Kenya. Magogo yalifika kwa malori, maji yakatoka Nzoia, na nyumba za kupanga zikaota kama uyoga. Mwaka 2009 mitambo ikasimama. Kufufuliwa kwake hakukudumu, na mwaka 2016 kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji. Mafundi wengi walikuwa wameshafunga virago.

Mwezi uliopita mzee mmoja alileta kadi yake ya kazi ndani ya karatasi ya sukari. Picha imefifia, namba inasomeka. Aliiweka mezani, akaanza kututajia wenzake wa zamu ya usiku, mmoja mmoja, na waliokwisha kufariki akiwataja kwa sauti ya chini. Katibu alikuwa na kalamu lakini hakuwa na daftari. Nimeona aibu kubwa. Daftari lipo sasa.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mchango wa mazishi umeingia vizuri. Wa miche umelegea, na msimu wa kupanda u karibu.

Mwenye kadi, picha au karatasi ya mshahara ya enzi hizo, aje nayo Jumamosi ya mkutano. Tutaipiga picha mbele yake na kumrudishia palepale.